Bega la Mwenda na lineup niliyoiandika kwa mkono wangu, Doha

Wakuu, salaam kwenu wote, mlioko nyumbani na sisi tuliotawanyika huku kwa Waarabu.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Uzi wangu wa mwisho ulikuwa wa kuulizia dawa ya mende. Lakini kuna jambo nimekaa nalo tangu msimu uliopita na limenishinda kulibeba, kwa hiyo leo nalitua hapa. Ni kweli tupu, na kwa bahati mbaya mkosaji ni mimi mwenyewe. Anayetafuta chai, yaani stori za kutunga, aende jukwaa la mapenzi, kule haipoi.

Uzi ni mrefu kidogo, vuta kiti.

Niko Doha mwaka wa tisa sasa. Ni storekeeper kwenye hoteli moja pale The Pearl. Taulo, sabuni, balbu, vitasa, vyote vinapita mikononi mwangu na vyote nina list yake. Mnielewe mapema, mimi ni mtu wa list. Nikiona kitu kimeandikwa na hakina kazi, mkono unaniwasha kukikata.

Huku kuna ligi ya besiboli ya wikendi. Ndiyo, besiboli, ule mchezo wa rungu na glavu. Najua kuna mtu ameshacheka. Kuna timu za Wafilipino, Wajapani wa maofisini, Wamarekani, na kuna sisi wa Afrika Mashariki, tunaitwa Nyuki. Mimi mchezo huu nilijifunza sekondari Dar. Alikuja mwalimu wa kujitolea kutoka Japani na begi la glavu, akatuharibia wengine ndoto za kuwa washambuliaji. Goti langu lilishastaafu zamani, kwa hiyo huku nilikuwa kocha tu. Kocha wa kupiga kelele, siyo wa kulipwa.

Kwa wasioujua mchezo, chukueni haya machache yatawatosha.

Timu inayolinda inaweka watu tisa uwanjani. Pitcher ndiye anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, na anarusha kwa nguvu zake zote mara themanini, mara mia kwenye mechi moja. Bega lake ndiyo injini ya timu. Catcher anachuchumaa nyuma ya mpigaji kuudaka ule mpira. Kuna besi tatu, vituo ambavyo mpigaji anakimbilia akishaupiga mpira, na kila moja ina mtu wa kuilinda. Kabla ya mechi kocha anaandika lineup, yaani karatasi ya majina tisa na nani anasimama wapi, anamkabidhi refa.

Kwenye ligi yetu ukibaki na watu wanane, mechi imeisha. Umepoteza.

Tuendelee.

Pitcher wetu alikuwa Mwenda, Mkenya wa Meru. Kule kwao watoto wanarusha huu mpira tangu primary, na jamaa alikuwa anarusha mpaka unasikia glavu ya catcher inalia kofi. Lakini nje ya uwanja ni mtu mpole hadi anaudhi. Ukimkanyaga, yeye ndiye anasema pole.

Kitaaluma ni nurse. Alikuja Doha akaangukia kazi ya kumhudumia mzee mmoja wa Kiarabu nyumbani. Kumwinua kitandani, kumwogesha, kumgeuza, kumtembeza. Akitoka hapo anasoma. Amesoma miaka miwili akafanya mtihani wa leseni, akapasi, na hospitali moja ikampa offer ya kuwa nurse kamili. Kilichobaki kilikuwa vipimo vya afya na jaribio la vitendo, ambapo unaonyesha kwamba unaweza kumwinua mgonjwa na kumhamisha kitanda. Mama yake alishatoa shukrani kanisani.

Kitu kingine kuhusu Mwenda, nacho kina umuhimu. Alikuwa msomaji wa jukwaa hili. Hana akaunti, anasoma kama mgeni tu. Tukienda uwanjani anakaa siti ya mbele ananisomea nyuzi kwa sauti na ile lafudhi yake. Alikuwa anapenda sana nyuzi za watu waliotapeliwa. Anacheka, halafu anasema, "Lakini huyu naye, kocha, si alijiona anaingia?"

Mtu wa pili ni Haji.

Haji ni Mpemba, mlinzi kwenye jengo moja Lusail. Amekaribia miaka arobaini, ana kitambi cha heshima. Wakuu, huyu mtu hakujua kupiga. Msimu wa nyuma yake mzima hakugusa mpira hata mmoja ukaenda mahali pa maana. Akisimama na rungu unadhani anafukuza popo. Ila alikuwa anakuja. Anakaa benchi na chupa yake ya karak, ile chai ya maziwa ya huku, anawamiminia watu, anashangilia, akiambiwa ingia anaingia, akiambiwa toka anatoka.

Mwanzo wa msimu tulikuwa kumi na tano. List ya majina nikaipeleka ligi, ikapigwa muhuri. Wiki ya pili tukafungwa vibaya na Wajapani, na kwenye mechi ile Haji aliingia akaangusha mpira ambao mtoto angeudaka.

Nikakasirika. Mazoezini haonekani, kila siku anasema amechoka, halafu anakuja kutuangushia mipira. Nikaandika kwenye group la WhatsApp, watu wote wanaona, "Kuanzia leo tunabaki na wapiganaji. Haji, tunakushukuru kwa ushiriki wako." Nikamtoa kwenye group kabla hajajibu.

Akanijibu pembeni. "Hapana neno kocha. Allah akuwezesheni."

Nilisoma nikaona sawa, tatizo limeisha. Kumi na nne wanatosha, na benchi limekuwa safi. Nilijisikia vizuri kama siku nimemaliza kupanga store.

Sasa wakuu ngojeni niwaonyeshe ujinga wangu ulivyonizunguka.

Kwenye lile jengo la Lusail, Haji alikuwa anafanya kazi na wachezaji wetu wengine watatu, wote walinzi. Mmoja wao alikuwa pitcher wangu wa pili, aliyekuwa anapokezana na Mwenda, Ijumaa hii huyu, ijayo yule. Mechi zetu ni Ijumaa alasiri. Mlinzi kupata nafasi kila Ijumaa alasiri siyo jambo dogo, kila mtu anaitaka hiyo Ijumaa.

Baada ya wiki moja hao watatu wakaanza kukosa. Kocha niko duty. Kocha mudir, bosi wetu, amekataa. Nikawaka. Nikamwita yule pitcher wa pili, nikamuuliza mbona zamani mlikuwa mnapata?

Akaniambia, "Kocha, zamani aliyekuwa anatupangia ni Haji."

Kumbe Haji alikuwa anatoa off yake ya Jumamosi. Kila wiki. Anawafanyia Jumamosi walinzi wengine, na wao wanawashikia wachezaji wetu zamu ya Ijumaa. Ndiyo maana alikuwa hana nguvu za mazoezi, alikuwa hana siku ya kupumzika. Na hakuwahi kumwambia mtu. Nilipomtoa kwenye timu akarudi kupumzika Jumamosi yake kama binadamu mwingine, na sikuona kosa lake hapo.

Mnaweza kusema basi, si ungemfuata ukamwomba radhi?

Nilijua hilo wiki ya nne ya msimu. Sikumfuata. Nilishasema mbele ya watu, nikaona nikirudi nyuma nitaonekana kocha asiye na msimamo. Nikajiambia kumi na mmoja wanatosha, kwani uwanjani si tisa tu?

Hesabu ya besiboli haiendi hivyo. Watu kumi na mmoja ni tisa na roho mbili za akiba, na mchezo huu unaumiza taratibu. Catcher wetu akavunjika kidole. Nikamtoa mtu wa besi ya tatu nikampeleka ku-catch, nikamleta wa nyuma kwenye besi ya tatu, nyuma nikamweka mtu ambaye hajawahi kusimama kule. Wiki mbili mbele mkimbiaji wetu wa kutegemewa akachanika msuli wa paja, maana uwanja wetu ni mgumu kama sakafu. Nikahamisha tena. Ilikuwa blanketi fupi, ukifunika kichwa miguu inabaki nje.

Kumi na tano. Toa Haji, toa walinzi watatu, toa kidole, toa paja. Tisa kamili.

Na kwa kuwa pitcher wa pili hayupo, Mwenda akawa anarusha kila Ijumaa. Bega lililokuwa linapumzika kila wiki ya pili halikupumzika tena. Siku nyingine anatoka hapo anakwenda kumwinua yule mzee.

Wiki mbili kabla ya nusu fainali aliniambia, "Kocha, hii bega inanisumbua. Nikiinua mkono hivi inashika."

Nikamwambia apake barafu.

Wiki iliyofuata akarusha tena. Alirusha vizuri, tukashinda, na alipokuwa anavaa koti niliona anaingiza mkono wa kulia kwanza, kwa kusaidiwa na wa kushoto. Niliona kwa macho yangu mawili. Sikumwambia kitu.

Samahani wakuu, nimeitwa kupokea mzigo. Narudi.

Nimerudi. Katoni za shampoo mia na kitu, nusu zimevuja. Tuendelee.

Ijumaa ya nusu fainali. Utaratibu wetu ulikuwa huu: sisi Waislamu tukitoka swala ya Ijumaa nachukua gari ya kuazima, napita Mesaimeer kwenye yale makanisa kuwachukua Wakenya na Waganda wakitoka ibadani, maana huku nao wanaabudu Ijumaa, tunaunganisha uwanjani. Lineup nilikuwa naiandikia hapo hapo Mesaimeer, nikiwa nimepaki nawasubiri.

Mwenda akatoka kanisani na shati lake jeupe, mkono wa kulia umekaa tumboni kama umening'inizwa kwa kamba isiyoonekana. Akaingia siti ya mbele.

"Kocha leo sitaweza kurusha," akasema. "Na wiki ijayo niko na ile medical ya hospitali."

Nikamwambia kurusha atarusha Otim. Otim ni Mganda, fundi wa AC, kijana mrefu mwenye roho ngumu, alikuwa anajua kurusha kidogo. Nikamwambia Mwenda, wewe utasimama besi ya kwanza tu. Pale ni kudaka, hakuna kurusha, unadakia mkono wa kushoto wenye glavu. Mkono wa kulia unapumzika.

Akaniuliza, "Hakuna mtu mwingine?"

"Tuko tisa, Mwenda. Ukikaa wewe hakuna mechi."

"Sawa basi. Nitasimama."

Nikaandika jina lake. Namba tano, besi ya kwanza.

Ile safari hakunisomea uzi wowote.

Tukafika uwanjani, Wafilipino wako ishirini na kitu, wana mpaka mtu wa kubeba maji. Nikaanza kupanga vifaa. Nikainua macho, nikamwona Haji.

Alikuwa amekaa nje ya uzio, upande wa besi ya kwanza, na chupa yake ya karak. Ndani ya jaketi amevaa jezi yetu ya njano ya zamani. Glavu ameiweka mapajani.

Akanipungia mkono. "Kocha! N'nakuja kutizama tu!"

Nikampungia na mimi.

Sasa hapa ndipo uzi wangu ulipo, yote ya juu ilikuwa njia ya kufikia hapa.

Ile list ya ligi nilikuwa nayo mkononi, yenye muhuri. Jina la kumi na tano ni Haji. Nilimtoa WhatsApp, lakini ligi sikuwahi kuwapelekea barua ya kumwondoa. Wachezaji wote walidhani nimemfuta kila mahali, maana ndivyo nilivyojitapa. Mimi peke yangu nilijua kwamba kisheria yule mtu pale nje ni mchezaji wa Nyuki, amevaa jezi, ana glavu, na anaweza kuingia sasa hivi. Kutoka nilipokuwa nimesimama mpaka kwenye uzio ilikuwa hatua kama ishirini.

Angeangusha mipira? Angeangusha. Tungefungwa? Nadhani tungefungwa. Mwenda angekaa benchi na koti lake, angemiminiwa karak, tungefungwa, tungeenda kula biriani kama kawaida.

Nikaiangalia ile list. Nikamwangalia Haji. Nikaikunja nikaiweka mfukoni.

Sitasema nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Niliona aibu kumfuata mtu niliyemdhalilisha mbele ya watu nikamwambie nakuhitaji. Aibu ndogo ya dakika mbili, nikaona bora bega la mwenzangu lisimame badala yake.

Mechi ikaanza. Na ubaya ni kwamba tulicheza vizuri. Otim alirusha kwa moyo wote, Mwenda besi ya kwanza anadaka kwa kushoto, mkono wa kulia kaubana kifuani. Mechi zetu zina vipindi saba. Kipindi cha tano kinaisha tunaongoza sita kwa nne.

Kipindi cha sita Mfilipino mmoja akaupiga mpira wa chini, wa moja kwa moja, ukamkuta Otim kwenye kifundo cha mguu. Sote tulisikia mlio wa mfupa.

Otim alianguka, akainuka, akajaribu kukanyaga, akashindwa kujisukuma kwa mguu ule. Pitcher bila mguu hawezi kurusha. Lakini kusimama aliweza, akichechemea. Refa akaniuliza, kocha, unafanyaje?

Wenye akili humu mmeshaona. Haji bado yuko pale nje. Amesimama kabisa sasa, ameshika waya wa uzio. Ningeweza kumwingiza badala ya Otim na kumpa mpira mtu yeyote arushe mlaini, tupigwe, twende zetu. Hiyo ilikuwa nafasi yangu ya pili, na Mungu hakunificha, aliiweka mbele yangu imesimama na jezi ya njano.

Nikatembea mpaka katikati ya uwanja. Nikamwonyesha Otim aende besi ya kwanza. Nikauokota mpira, nikamgeukia Mwenda, nikaunyoosha mkono.

Sikumwambia rusha. Niwe mkweli, wala sikumwomba. Niliunyoosha tu ule mpira nikanyamaza, nikamwachia yeye upole wake umalizie.

Akaniangalia. Akauangalia mpira.

"Vipindi viwili tu, kocha?"

"Viwili tu."

Akauchukua.

Alirusha mipira thelathini na moja. Nilihesabu, si nimewaambia mimi ni mtu wa list. Ya kwanza ilikuwa dhaifu, halafu nadhani bega likapata joto au akaacha kulisikiliza, akaanza kurusha kama Mwenda wa siku zote. Watu wakawa wanaimba jina lake. Mimi pia niliimba, Mungu anisamehe.

Mpira wa thelathini na moja ndio uliomaliza mechi. Mpigaji alikosa, sisi tukaruka juu, na Mwenda akapiga magoti pale pale aliposimama. Tulidhani anasali.

Tulipomfikia alikuwa ameshika bega, jasho linamtoka kama mtu mwenye malaria, na midomo imekuwa ya kijivu. Mkono ulikuwa unaning'inia. Wa kwanza kuruka uzio na kumfikia ni Haji, na kitambi chake. Yeye ndiye aliyemvulia jezi kwa mkasi wa kisanduku cha huduma ya kwanza, akamfunga mkono kwa kilemba chake mwenyewe.

Msuli wa ndani wa bega ulichanika. Daktari alieleza kwa picha, akasema unahitaji operesheni na miezi mingi ya mazoezi, na hata hapo hawezi kuahidi.

Wiki iliyofuata alikwenda kwenye vipimo vya hospitali akiwa na mkono kwenye kitambaa. Walimpokea vizuri, wakampa na chai. Nurse asiyeweza kumwinua mgonjwa hawawezi kumchukua, walimwambia kwa upole, na offer ikafutwa. Ile familia ya yule mzee nao walimvumilia kama mwezi. Ni watu wema, lakini mzee lazima ainuliwe kila asubuhi, wakaleta mwingine.

Fainali yenyewe hatukucheza. Mguu wa Otim ulivimba, Mwenda hayupo, tulifika uwanjani watu saba. Refa akaniomba lineup nikamwambia sina. Tuliipoteza bila kurusha mpira hata mmoja.

Mimi ndiye niliyempeleka Mwenda airport. Begi alilivuta kwa mkono wa kushoto, akakataa nimsaidie. Pale mlangoni nikajikaza nikaanza kusema, Mwenda, ile siku...

Akanikata. "Wacha kocha, usijibebeshe. Hukuwa na mtu mwingine."

Wakuu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilitakiwa kusema neno moja tu.

Nikamwambia, "Ni kweli. Sikuwa na mtu."

Akanikumbatia kwa mkono mmoja akaingia ndani.

Leo yuko Meru, anaandikisha wagonjwa kwenye zahanati. Hawahudumii, anaandika majina yao tu. Mkono wa kulia haupiti usawa wa bega. Tunaongea kila Ijumaa, ananiuliza Nyuki wanaendeleaje, na kila Ijumaa ananiambia asante kwa kumpeleka airport.

Mwezi uliopita nilimfuata Haji Lusail. Nilimkuta langoni kwake, nikamwomba radhi kwa kumtoa kwenye timu, kwa lile neno la wapiganaji, kwa yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia karak.

Akasema, "Kocha, siku ile mie n'likuja na glavu. Ulinitizama mara mbili. Nikajisemea, akija hapa n'tamwambia naam."

Nikaiweka chini ile karak.

Akaniuliza, "Mwenda anajua kama n'likuwamo kwenye orodha?"

Nikamwambia hajui.

"Basi mie si wa kuombwa radhi."

Haji amerudi kwenye timu. Bado hajui kupiga. Jumamosi yake sasa tunaigawana, kila mtu anatoa siku yake moja kwa zamu, mpaka mimi naenda kusimama langoni badala ya mlinzi. Tuko kumi na saba, na wanaokaa benchi hakuna anayewaita mzigo mbele yangu.

Nilichojifunza ni kidogo na nimekilipia kwa mwili wa mtu mwingine. Mtu mwenye maumivu usimuulize kama ataweza kucheza, hasa akiwa mpole, maana swali lako tayari lina jibu ndani yake. Na yule unayemwona hana kazi kwenye list, kabla hujamkata, uliza kwanza ni nini kinasimama kwa sababu yake. Hata kwenye store ni hivyo hivyo, kuna kitasa kinakaa miaka mitatu kwenye rafu unakiona takataka, siku mlango mmoja ukiharibika ndicho pekee kinachoingia.

Mnaotaka kuniponda, karibuni, uwanja ni wenu. Waliowahi kumfanyia mtu hivi kazini au popote, waliwezaje kusema, naomba mnieleze. Nitasoma comment zote.

Lakini ya mwisho siwaandikii nyinyi.

Mwenda, najua unasoma humu, kila Ijumaa hukosi. Siku ile nilikuwa na mtu. Alikuwa Haji. Jina lake lilikuwa mfukoni mwangu, na yeye alikuwa hatua ishirini, amevaa jezi. Pale Mesaimeer uliponiuliza kama hakuna mtu mwingine sikujua kama atakuja. Nilipokupa ule mpira nilijua. Na airport nilijua.

Huna akaunti humu, na mgeni haruhusiwi ku-comment. Kujiunga ni dakika mbili tu, ndugu yangu, wanataka jina na email.

Jiunge unitukane.